Gesi Isiyoonekana: Meli ya Angani ya Mwaka 1917 na Betri ya Madrasa Yetu



Ndugu zangu wapenzi, wazazi na vijana. Waliozoea kusoma makala zangu wanajua kuwa mimi huandika historia: historia ya maulamaa, ya miji, na ya wazee wetu walivyofika huku West Nile. Leo nitaandika historia ya gesi. Najua wapo watakaosema, huyu ustadhi wa Kiarabu na fiqhi ameingiaje katika mambo ya maabara? Naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nimeingia kwa mlango wa maumivu, na nisingependa mzazi mwingine aingie kwa mlango huo huo.

Kisa chenyewe ni hiki. Madrasa yetu iko upande huu wa Ediofe, mahali ambapo adhana na kengele ya kanisa kuu vinasikika kwa jirani mmoja. Taa zetu zilikuwa za sola. Juu ya bati tulikuwa na paneli mbili, na chini tulikuwa na betri moja kubwa ya kutiwa maji, mfano wa zile za malori. Kwa kuwaogopa wezi tuliiweka betri katika stoo ndogo isiyo na dirisha, tukafunga mlango kwa kufuli. Jioni moja baada ya Maghrib taa zikawa hafifu. Nikamwambia kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa miaka 13: "Chukua mshumaa, nenda kaangalie kama maji ya betri yamepungua."

Akaenda. Akafungua vifuniko vya betri kama nilivyokuwa nimemfundisha mwenyewe. Kisha akausogeza mshumaa aone ndani.

Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. Tulipofika tulimkuta amejishika uso, betri imepasuka juu, na tindikali imemrukia usoni na kwenye kanzu. Mimi nilisimama nimeduwaa. Aliyemwokoa ni mama mmoja anayeuza chapati karibu na madrasa. Alikuja mbio na jerikani ya maji, akamwinamisha kijana na kummiminia maji machoni bila kusimama, akaagiza jerikani ya pili, na ya tatu. Hospitalini tuliambiwa kuwa maji yale ndiyo yaliyonusuru macho yake. Leo kijana anaona vizuri, alhamdulillah, ila ana alama ndogo juu ya nyusi. Kanzu yake ilibaki na matundu kama iliyoliwa na nondo.

Wiki moja baadaye akanijia na swali. "Ustadhi, kile kilichonipiga kilikuwa nini? Mimi sikuona moshi. Sikusikia harufu yoyote."

Ninafundisha zaidi ya miaka 20 na nimezoea kuulizwa na kujibu. Siku hiyo sikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyemtuma. Nikamwomba anipe muda. Nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu wa kemia katika sekondari, Mkristo wa hapa Ediofe na mtu mwema sana. Akanikalisha mezani kwake jioni kadhaa na kunifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata kwake na katika vitabu nilivyosoma baadaye.

GESI YENYEWE NI IPI?

Jina lake ni haidrojeni. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Ndiyo maana kijana hakuona kitu na hakunusa kitu. Ni gesi nyepesi kuliko zote. Ukichukua sanduku lenye upana wa mita moja, urefu wa mita moja na kimo cha mita moja, ukalijaza hewa ya kawaida, hewa hiyo itakuwa na uzito wa karibu kilo 1.3. Ukilijaza haidrojeni, itakuwa na gramu 90 hivi, yaani chini ya gilasi ndogo ya maji. Kwa hiyo gesi hii hupanda juu, kama mafuta yanavyopanda juu ya maji. Kila mita moja ya ujazo inaweza kuinua karibu kilo 1.2.

Sifa ya pili ni kuwa inawaka. Ikichanganyika na hewa, basi kuanzia sehemu 4 katika 100 mpaka sehemu 75 katika 100, mchanganyiko huo hushika moto. Gesi nyingi za kuwaka zina nafasi ndogo zaidi kuliko hiyo, lakini hii karibu kila kipimo kinaifaa. Cheche yake haihitaji kuwa kubwa. Ile cheche ndogo unayoisikia unapovua nguo ya nailoni wakati wa kiangazi inatosha. Ikiwa safi na mbele ya mwanga wa mchana, ndimi za moto wake ni vigumu kuziona.

Sifa ya tatu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ikiungua, inakuwa maji. Haidrojeni ikishikana na oksijeni katika moto, kinachotoka ni mvuke wa maji. Na jambo hili linarudi kinyumenyume pia: ukipitisha umeme katika maji, maji yanaachana na kuwa gesi mbili, haidrojeni sehemu mbili na oksijeni sehemu moja. Maji ya kijiko kimoja cha chai yakiachanishwa yote hutoa zaidi ya lita 6 za haidrojeni. Tafadhali likumbukeni jambo hili la kijiko, tutalirudia.

ILIVYOJULIKANA

Neno kemia lenyewe limepita katika Kiarabu, alkimia, na mabingwa kama Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, walieleza vyombo vya kukenekea na kuzipanga dawa na madini kwa aina zake. Lakini tuseme kweli: haidrojeni hawakuigundua wao. Wako wenzetu wanaopenda kudai kila kitu, na mimi naona ukweli hautupunguzii heshima.

Mwaka 1671 Mwingereza Robert Boyle aliandika kuwa unga wa chuma ukitiwa katika tindikali hutoa hewa inayowaka. Mwaka 1766 Henry Cavendish aliipima hewa hiyo na kuonesha kuwa ni gesi ya pekee yake, nyepesi mno kuliko hewa ya kawaida. Baadaye Mfaransa Antoine Lavoisier akaipa jina lake, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mzaa maji".

Watu hawakukawia kuitumia. Tarehe 27 Agosti mwaka 1783, mjini Paris, Jacques Charles alirusha puto la hariri lililojazwa haidrojeni iliyotengenezwa kwa vyuma chakavu na tindikali. Likaruka likaenda kuanguka katika kijiji cha Gonesse. Wanakijiji hawakuwa wamepata kuona kitu kama hicho, wakadhani ni dubwana, wakalichoma kwa nyuma za kutupia majani mpaka likaisha. Tusiwacheke. Mimi na mshumaa wangu hatukuwa na elimu zaidi yao. Tarehe 1 Desemba mwaka huo Charles mwenyewe alipanda angani ndani ya puto jingine la gesi hiyo pamoja na mwenzake, wakashuka salama.

MELI ILIYOTAKA KUJA KWETU

Sasa tunafika kwenye kisa kilichonifanya niandike. Wengi wetu tumesoma kuwa Vita Kuu ya Kwanza vilipiganwa Tanganyika, iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alizungukwa na majeshi ya Waingereza, Wabelgiji na Wareno. Baharini hakufikiwa kwa sababu Waingereza waliifunga pwani. Kufikia mwisho wa mwaka 1917 alibaki kusini kabisa, karibu na uwanda wa juu wa Wamakonde, hana risasi za kutosha wala dawa.

Huko Berlin likatolewa wazo: msaada upitishwe angani. Ndege za wakati huo hazikuweza hata robo ya safari hiyo. Wakachagua meli ya angani, aina ya Zeppelin, iliyoitwa L59. Urefu wake ulikuwa mita 226, zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Ndani yake palikuwa na mifuko mikubwa ya haidrojeni, jumla ya mita za ujazo 68,500. Vijana wangu wa madrasa nimewapigisha hesabu hii: 68,500 mara kilo 1.2. Jibu ni zaidi ya kilo 82,000, yaani zaidi ya tani 80 zinazoinuliwa na kitu ambacho chenyewe kina uzito wa tani 6 tu. Katika hewa ya joto nguvu hiyo hupungua, lakini ilitosha kubeba meli yenyewe, mafuta yake, watu 22 na mzigo wa tani 15 hivi: risasi, bunduki, bombomu, dawa na barua.

Mifuko ile ya gesi ilitengenezwaje? Haidrojeni ni chembe ndogo sana na hupenya hata penye tundu lisiloonekana. Watengenezaji wa meli hizo waligundua kuwa kitu kinachoizuia vizuri ni ngozi nyembamba inayofunika utumbo wa ng'ombe. Kila ng'ombe hutoa kipande kidogo tu, kwa hiyo meli moja ilikula matumbo ya ng'ombe kwa maelfu na maelfu. Wachinjaji wetu wa soko la Arua wakisikia haya watacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa: Ujerumani iliruka angani kwa matumbo.

Jambo jingine la kuzingatia ni kuwa safari ilipangwa iwe ya kwenda tu. Mtanuliza kwa nini. Ni kwa sababu kule Makonde hapakuwa na haidrojeni ya kujazia upya. Gesi hii haichotwi kisimani, inatengenezwa kwa mitambo. Basi wakapanga kuwa meli ikishafika ivunjwe: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, bitana zake ziwe bandeji, na mifupa yake ya alumini iwe nguzo za kushikia waya za simu ya upepo.

SAFARI YENYEWE

L59 iliondoka Yambol, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 chini ya kapteni Ludwig Bockholt. Ikapita juu ya Uturuki, ikakata bahari. Karibu na kisiwa cha Krete iliingia katika dhoruba ya radi. Hebu fikirini: watu 22 wamekaa chini ya mita 68,500 za gesi inayowaka kwa cheche, na radi inapiga pande zote! Walipona. Wakafika pwani ya Misri, wakaingia jangwani, na baadaye wakaukuta mto Nile.

Jangwani gesi ikaanza kuwaonesha tabia yake. Mchana jua lilipoipasha moto, gesi ilitanuka, na ilipozidi ililazimika kutoka nje kwa vali ili mifuko isipasuke. Usiku baridi ilipoingia, gesi iliyobaki ilinywea na meli ikawa nzito. Usiku mmoja ilishuka kiasi cha kukaribia kugonga ardhi, ikabidi watupe mizigo ili ipande tena. Wale watu waliugua vichwa, wakashikwa na kichefuchefu kwa mawimbi ya hewa ya joto, na wengine waliona vitu visivyokuwepo. Injini moja ikaharibika, nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kupeleka habari. Kuanzia hapo waliweza kusikia tu, hawakuweza kusema.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, saa saba kasoro robo, walipokuwa magharibi ya Khartoum, wakasikia amri ya kurudi. Makao makuu yao yalikuwa yamepata habari kuwa sehemu za Makonde walizokusudia kutua zimeshachukuliwa na Waingereza. Baada ya vita yalitolewa madai kuwa ujumbe ule ulikuwa hila ya Waingereza, lakini amri ilitoka kwa Wajerumani wenyewe. Bockholt akageuza. Walifika Yambol tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kutua hata mara moja. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji kutafuta chakula na risasi za Wareno.

Kutoka mahali walipogeukia mpaka hapa Arua ni kama kilomita 1,400. Kwa mwendo wao ni safari isiyozidi siku moja. Njia yao ya kunyooka ingewapitisha mashariki yetu, upande wa Karamoja, kwa hiyo wazee wetu huenda wasingeiona. Na Arua yenyewe ilikuwa changa bado. Eneo letu lilitolewa Sudan na kutiwa Uganda mwaka 1914, na boma likaanzishwa wakati huo. Lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

WALIOKUWA CHINI

Vitabu vingi vinaisifu safari hii kama ajabu ya urukaji, na kweli ilikuwa ajabu. Lakini sisi tujiulize: zile risasi tani na tani zilikuwa zimpige nani?

Zilikuwa ziwapige watu wetu. Batalioni ya nne ya King's African Rifles iliandikishwa Uganda, na ndani yake walikuwamo Wanubi, vizazi vya askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Hao walipelekwa kupigana Tanganyika. Na upande wa pili? Jeshi la Wajerumani lilianzishwa mwaka 1889 na Hermann von Wissmann kwa askari wengi wa Kisudani aliowaandika Misri. Basi Msudani alikuwa huku na Msudani alikuwa kule, wengi wao Waislamu, wote wakiamrishana na kuitana kwa Kiswahili. Pamoja nao walikuwa wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, malaria na kuhara, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Meli ile isingewaletea watu hao faida yoyote. Ingewaongezea siku za vita. Na hata bila mzigo ule vita viliendelea mwaka mzima. Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Gesi haina kosa katika hili. Ilifanya kazi iliyoumbiwa, ya kuinua. Aliyechagua kitakachoinuliwa ni mwanadamu.

MWISHO WA L59

Tarehe 7 Aprili 1918 meli hiyo hiyo iliondoka tena Yambol, safari hii kwenda kupiga mabomu Malta. Ilipofika juu ya mlango wa bahari wa Otranto, kati ya Italia na Albania, mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani waliokuwa chini waliona mwanga mkubwa wa moto angani. Hakupona hata mmoja, Bockholt akiwamo. Wala haikupigwa na adui yeyote aliyethibitika.

Watu hawakuacha. Tarehe 6 Mei 1937 meli kubwa zaidi, Hindenburg, iliwaka ilipokuwa ikitua Lakehurst, Marekani. Kwa muda wa nusu dakika hivi ilikuwa imekwisha, na watu 36 wakafa. Ilikuwa na haidrojeni kwa sababu gesi nyingine nyepesi isiyowaka, heli, ilikuwa mikononi mwa Marekani na haikuruhusiwa kuuzwa nje kwa urahisi. Baada ya siku hiyo biashara ya kusafirisha abiria kwa meli za haidrojeni ikafa.

Hata hivyo gesi yenyewe haikuachwa. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake walivuka kwa puto la haidrojeni kutoka Zanzibar mpaka bara, kisha wakaruka juu ya wanyama wa Ngorongoro. Haidrojeni ndiyo inayotumika viwandani kutengeneza amonia, na amonia ndiyo asili ya mbolea nyingi za mashamba yetu. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wake wa kutengeneza haidrojeni kwa umeme usiochafua hewa, lengo la kwanza likiwa hiyo hiyo mbolea. Kwa hiyo vijana, msiseme ni gesi ya balaa. Ni gesi inayotaka adabu.

NYUMBANI KWETU

Sasa turudi stoo. Betri ya kutiwa maji ina tindikali na maji ndani. Inapojaa umeme, na sola ikaendelea kuisukumia zaidi, umeme uliozidi huyaachanisha maji. Haidrojeni hutoka upande mmoja na oksijeni upande wa pili, tena kwa vipimo vile vile vya mbili kwa moja vinavyolipuka vizuri kabisa. Kumbukeni kile kijiko kimoja cha chai na lita 6. Betri yetu ilikuwa imepungukiwa na maji zaidi ya kijiko. Maji hayo hayakupotea. Yaligeuka kuwa gesi, yakajaa ndani ya betri na katika stoo isiyo na dirisha, nami nikampeleka mtoto na moto.

Mtauliza kwa nini basi taa zilikuwa hafifu kama betri ilikuwa inajaa. Mwalimu jirani alinieleza kuwa betri iliyokaukiwa huchajiwa mchana kutwa na kutoa gesi, lakini haihifadhi umeme. Kule kufifia kwa taa kulikuwa dalili ya hatari, nasi tukaona ni udhia tu.

Kwa hiyo nawausia mambo yafuatayo, na naomba yasomwe kwa sauti nyumbani:

1. Betri ya kutiwa maji iwekwe mahali penye hewa. Tundu la hewa liwe juu karibu na dari, kwa kuwa gesi hii hupanda. Dirisha la chini peke yake halitoshi.

2. Usiangalie betri kwa mshumaa, kibiriti, taa ya mafuta wala sigara. Tumia tochi, na uiwashe kabla hujaingia.

3. Kabla ya kufungua waya za betri, zima kwanza chaja na taa zote. Cheche ya waya inatosha. Mafundi wa kuchaji betri sokoni na kule Koboko wanalijua hili, lakini haraka huwasahaulisha.

4. Maji ya kuongezea yawe yale yaliyokenekwa yanayouzwa madukani, si ya kisima wala ya mto Enyau. Na mtoto asitumwe kazi hiyo kabisa.

5. Tindikali ikimrukia mtu, maji mengi safi papo hapo, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Usitafute dawa kwanza. Yule mama wa chapati hakusoma kemia, lakini alifanya lililo sawa.

6. Akina mama wanaotengeneza sabuni nyumbani, ile soda kali ya kostiki msiikoroge katika sufuria ya alumini. Soda hula alumini, na kinachotoka povu kwa povu ni haidrojeni hiyo hiyo, karibu na jiko lenye moto. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki, nje ya nyumba, mbali na makaa.

7. Siku za Idi na harusi, puto la mtoto linaloelea juu lenyewe liulizwe limejazwa nini. Kama muuzaji hana jibu, achaneni nalo. Puto la kupuliziwa kwa mdomo halipandi, lakini halichomi uso.

Betri nyingi mpya za lithiamu hazitoi gesi hii zinapochajiwa kawaida, na mwenye uwezo anaweza kubadilisha. Zina hatari zake nyingine, na hayo ni ya makala nyingine in shaa Allah. Lakini najua hali zetu. Betri za tindikali bado zimejaa majumbani, madukani, misikitini na makanisani, kwa sababu ni za bei nafuu.

JIBU LANGU

Nilipomaliza kusoma nilimwita kijana, nikamweleza yote haya kama nilivyoyaandika, kuanzia Paris mpaka Khartoum mpaka stoo yetu. Alisikiliza kwa utulivu. Kisha akaniuliza: "Kwa hiyo Ustadhi, wale watu wa meli walijua kuwa inawaka?"

Nikamwambia, ndiyo, walijua, wakapanda.

Akasema: "Mimi sikujua."

Ndugu zangu, maneno hayo mawili sijayasahau. Kapteni Bockholt aliingia katika hatari aliyoijua kwa hiari yake. Mwanafunzi wangu aliingizwa na mwalimu wake, ambaye alimfundisha kufungua vifuniko lakini hakujifunza kilichomo ndani yake. Nilimwomba msamaha mbele ya baba yake, wote wawili wakanisamehe. Tukatoboa ukuta wa stoo juu, mkabala wa dari, upana wa matofali mawili. Mlangoni tukaning'iniza tochi kwa kamba, na kila mwanafunzi mpya siku yake ya kwanza huoneshwa tundu lile na tochi ile, na kuelezwa sababu. Anayeeleza si mimi. Ni yeye kijana, na huanza kwa kuwaonesha ile kanzu yenye matundu.